Kipimo cha Kwanza Ndicho Kinachosema: Ultrasaundi na Tiba ya Mkono Unaokufa Ganzi

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na mratibu wetu wa tiba ya viungo kwa wajumbe wa kamati za afya za parokia na wageni wafadhili katika semina ya robo mwaka. Tumeyachapa karibu yote, kwa kuwa wajumbe wengi waliomba nakala ya kusoma nyumbani na kujadili na wenzao.



Nimeombwa nizungumzie mashine ya ultrasaundi. Wengi wetu tunaifahamu kama mashine ya akina mama wajawazito, na ndivyo ilivyoingia katika hospitali zetu nyingi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe kwa ultrasaundi angalau mara moja kabla mimba haijafikisha wiki 24, na tangu hapo haja ya mashine hizi imezidi kuongezeka. Swali mnaloniuliza mara kwa mara ni hili: mashine ikishafika, je, inaweza kusaidia wagonjwa wengine? Jibu ni ndiyo. Leo nitachukua ugonjwa mmoja tu, nao ni ule wa mikono inayokufa ganzi usiku kwa sababu ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Nitaeleza jinsi ultrasaundi inavyotusaidia kufuatilia kama tiba inafanya kazi, na pia mahali ambapo haitusaidii.

UGONJWA WENYEWE

Weka mkono wako mezani, kiganja kikitazama juu. Pale kiganja kinapokutana na mkono kuna njia nyembamba mfano wa handaki. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo ya kifundo. Paa lake ni utepe mgumu usiovutika. Ndani ya handaki hilo hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu unaoitwa mshipa wa kati. Mshipa huo ndio unaoleta hisia kwenye kidole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Ndio pia unaoendesha nyama za shina la kidole gumba, zile zinazotuwezesha kushika sindano, kufunga kifungo na kuhesabu noti.

Handaki hilo halina nafasi ya ziada. Kano zikivimba, au maji yakijaa mwilini, anayeumia kwanza ni mshipa wa fahamu, kwa sababu ndio laini kuliko vyote vilivyomo. Mgonjwa huamka usiku vidole vikiwa na ganzi au vikichomachoma kama wadudu wanatembea ndani yake. Huukung'uta mkono mpaka nafuu ije. Kidole cha mwisho kwa kawaida hakihusiki, maana kinahudumiwa na mshipa mwingine. Ugonjwa ukiendelea, vikombe huanza kuanguka mkononi, na hatimaye nyama za shina la kidole gumba husinyaa. Zikisinyaa sana, huenda zisirudi tena hata kwa upasuaji.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, hasa wenye umri wa kati. Ujauzito, kisukari, upungufu wa homoni za tezi ya shingo, baridi yabisi na unene huongeza uwezekano wa kuupata. Aidha, kazi za kukamata kwa nguvu na kurudiarudia, au kutumia mashine zinazotetemesha mikono, zimo katika orodha hiyo. Wakamuaji wa ng'ombe kwa mkono ni miongoni mwa waliotajwa katika tafiti. Hivyo si ugonjwa wa watu wa ofisini peke yao, kama wengine wanavyodhani. Kwa mshonaji, msusi au mama anayekamua ng'ombe alfajiri, mkono huo ndio ada ya shule na ndio chakula cha jioni.

ULTRASAUNDI INAONA NINI

Zamani daktari alitegemea maelezo ya mgonjwa na majaribio ya mkono. Mojawapo ni lile la kukunja vifundo vya mikono kwa dakika moja ili kuona kama ganzi itakuja. Jaribio hilo lina jina la daktari wa Marekani, George Phalen, ambaye katika miaka ya 1950 aliufanya ugonjwa huu ujulikane sana. Baadaye kikaja kipimo cha mwendo wa umeme kwenye mishipa ya fahamu. Hiki ni kipimo kizuri, kwa maana kinaonyesha jinsi mshipa unavyofanya kazi. Hata hivyo kinahitaji mashine yake na mtaalamu wake, hospitali chache tu kwetu zinakitoa, na mgonjwa husikia mishtuko midogo ya umeme wakati wa kupimwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Innsbruck nchini Austria, wakiongozwa na Buchberger, walieleza jinsi ultrasaundi inavyoonyesha mabadiliko ya mshipa wa kati ndani ya handaki. Waliona kwamba mshipa uliobanwa huvimba pale unapoingilia, na hulalia bapa kule unakobanwa. Ni sawa na mpira wa maji uliokanyagwa, ambao hutuna upande maji yanakotoka. Mwaka 2012 chama cha Marekani cha wataalamu wa mishipa ya fahamu na misuli, AANEM, kilitoa mwongozo uliokubali kwamba kupima ukubwa wa mshipa huo kifundoni kwa ultrasaundi ni njia sahihi ya kusaidia kutambua ugonjwa.

Katika picha, mshipa wa fahamu ukikatwa kwa upana unafanana na sega la nyuki: vitundu vyeusi vilivyozungukwa na kuta nyeupe. Ukivimba, vitundu hivyo hufifia na mshipa huonekana mweusi zaidi. Mpimaji huchora mstari kuuzunguka kwa ndani, na mashine humpa eneo lake kwa milimita za mraba. Vituo vingi huanza kushuku ugonjwa pale eneo linapofika au kuzidi milimita 10 za mraba hivi. Hicho ni kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti kikikatwa katikati. Kwa hiyo tunazungumzia vitu vidogo sana, na kosa dogo la mkono wa mpimaji linaweza kubadilisha jibu.

Kwa kuwa miili yetu haifanani, wengine hulinganisha mshipa kifundoni na mshipa huo huo juu zaidi, kwenye mkono wa mbele. Kwa mtu mzima wa afya ukubwa wa sehemu hizo mbili hukaribiana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba sehemu ya kifundoni ikizidi ile ya juu kwa mara 1.4 au zaidi, ni dalili ya ugonjwa. Uzuri wa njia hii ni kwamba mgonjwa analinganishwa na mwili wake mwenyewe.

Pamoja na hayo, ultrasaundi haina mionzi kama ya eksirei, haichomi, na huonyesha mambo ambayo kipimo cha umeme hakiwezi kuyaona. Huonyesha uvimbe wenye maji unaosukuma mshipa, kano zilizovimba, au mshipa uliogawanyika mara mbili tangu kuzaliwa. Mambo hayo daktari anayekwenda kupasua anahitaji kuyajua mapema.

KUFUATILIA TIBA

Tiba za ugonjwa huu ni za aina tatu kubwa. Ya kwanza ni kuvaa banzi usiku ili kifundo kikae kimenyooka, kwa maana kukunja kifundo huongeza mbano ndani ya handaki. Ya pili ni sindano ya steroidi kifundoni. Ya tatu ni upasuaji wa kuukata ule utepe wa paa ili mshipa upate nafasi.

Ni ipi iliyo bora? Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliolinganisha sindano moja na banzi la usiku la wiki sita kwa watu 234 wenye ugonjwa wa wastani au mdogo. Baada ya wiki 6 waliopata sindano walikuwa na nafuu zaidi. Baada ya miezi 6 makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Mwaka 2025 jarida hilo hilo lilichapisha utafiti wa Uholanzi uliolinganisha kuanza na upasuaji na kuanza na sindano. Baada ya miezi 18, asilimia 61 ya walioanza na upasuaji walikuwa wamepona, na asilimia 45 ya walioanza na sindano.

Naomba mzitazame namba hizo kwa makini. Hata katika nchi zenye hospitali kubwa, na hata kwa tiba iliyoongoza, wapo wengi ambao baada ya mwaka mmoja na nusu bado hawajapona kabisa. Hao ndio wanaorudi kliniki na kusema, "Daktari, bado." Na hapo ndipo ultrasaundi inapotakiwa kutoa ushahidi: je, mshipa unapungua taratibu na mgonjwa avumilie? Au umebaki vile vile, na lipo jambo ambalo halikufanyika?

Mashine peke yake haiwezi kujibu swali hilo. Mgonjwa akija baada ya upasuaji na mshipa wake ukapimwa ukawa milimita 13 za mraba, namba hiyo inatuambia nini? Kama kabla ya upasuaji ulikuwa 18, ni habari njema. Kama ulikuwa 13, ni habari ya kutia shaka. Kama hakuna aliyepima wala kuandika, hatujui lolote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali.

Ndugu wajumbe, mkisahau yote niliyosema leo, kumbukeni hili. Mgonjwa aliyepona vizuri hana haja ya kurudi kupigwa picha, na kumtoza fedha kwa picha hiyo ni kumwonea. Lakini siku ya kwanza hatuwezi kujua ni nani atakayepona na ni nani atakayerudi. Kwa hiyo kila anayeanza sindano au anayekwenda kupasuliwa apimwe kwanza, na kipimo kiandikwe kwenye daftari la hospitali na kwenye kadi anayokaa nayo mwenyewe. Kipimo kilichokosekana kabla ya tiba hakiwezi kupatikana tena baadaye.

Baada ya hapo mambo hutofautiana kwa kila tiba. Kwa sindano, tafiti nyingi zimeona uvimbe wa mshipa ukipungua ndani ya wiki chache. Kwa upasuaji, uvimbe hupungua polepole kwa miezi, na kwa wagonjwa wengi mshipa haurudi kwenye ukubwa wa mtu asiyewahi kuugua, ingawa wao wenyewe wanajisikia wazima. Kwa sababu hiyo si halali kumwambia mama anayelala usingizi mzima na kushona mchana kutwa kwamba upasuaji wake umeshindikana, eti kwa kuwa namba bado iko juu ya 10.

PICHA NA MGONJWA WAKITOFAUTIANA

Ultrasaundi inaonyesha umbo la mshipa. Haionyeshi uchungu, wala haionyeshi nguvu. Kwa hiyo daftari letu lazima liwe na safu mbili: moja ya picha na nyingine ya mgonjwa mwenyewe. Kwa safu ya mgonjwa ipo fomu ya maswali iliyotungwa Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1993. Ina maswali 11 kuhusu dalili na mambo 8 kuhusu kazi za mikono, kama kufunga vifungo na kubeba mzigo. Kila swali hupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Haihitaji umeme wala mashine, bali karatasi, kalamu na muuguzi mvumilivu. Muhimu ni kwamba maswali yawe yale yale kila mgonjwa anaporudi.

Tukiziweka safu hizo mbili pamoja, tunapata hali nne.

Hali ya kwanza: mgonjwa anapata nafuu na mshipa unapungua. Tumshukuru Mungu, aendelee na kazi zake, na afundishwe namna ya kupumzisha mikono.

Hali ya pili: mgonjwa ana nafuu lakini mshipa bado ni mkubwa. Tumsikilize mgonjwa. Hakuna sababu ya kumpasua tena kwa ajili ya picha. Aelezwe tu dalili za kumrudisha kliniki.

Hali ya tatu: mgonjwa hana nafuu na mshipa haujapungua. Hapa mpimaji atafute chanzo. Je, utepe ulikatwa wote, au kipande kimebaki upande wa kiganjani? Je, kuna kovu linaloushika mshipa, au uvimbe mwingine? Picha nzuri inaweza kumwongoza daktari mpasuaji mahali hasa pa kutazama.

Hali ya nne ndiyo ngumu kuliko zote: mshipa umepungua, lakini mgonjwa bado analalamika. Tusimwambie kwamba anajidai. Inawezekana mshipa ulikuwa umeumia muda mrefu mno kabla ya tiba. Inawezekana pia tatizo liko shingoni, ambako mishipa ya mkono huanzia, au ni kisukari kinachoathiri mishipa ya mwili mzima. Huyu anahitaji kuchunguzwa upya kuanzia mwanzo, na pale inapowezekana apelekwe kwenye kipimo cha umeme.

Jambo moja ni marufuku katika hali zote nne. Mgonjwa ambaye nyama za kidole gumba zinasinyaa, au ambaye ganzi yake haiondoki usiku wala mchana, asisubirishwe miezi kwa sababu ya kungojea kipimo cha marudio. Huyo apelekwe kwa daktari mpasuaji mapema. Vivyo hivyo mtu aliyevunjika kifundo na vidole vikaanza kufa ganzi saa hizo hizo ni mgonjwa wa dharura. Asitafutiwe ultrasaundi, atafutiwe gari.

TAHADHARI KWA MAZINGIRA YETU

Yapo mambo mawili ambayo vitabu vingi vya Ulaya havitayasisitiza, lakini sisi hatuna budi kuyasisitiza.

La kwanza ni ukoma. Ugonjwa huu bado upo nchini mwetu, na huvimbisha mishipa ya fahamu. Mara nyingi hushika ule wa kwenye kiwiko, unaohudumia kidole cha mwisho, lakini mshipa wa kati nao unaweza kuvimba, hasa juu kidogo ya kifundo, kabla ya kuingia handakini. Mpimaji anayetazama handaki peke yake anaweza kuukosa. Kwa hiyo probu ipandishwe mpaka kwenye mkono wa mbele, mshipa wa kwenye kiwiko utazamwe pia, na ngozi ikaguliwe kama ina mabaka yasiyo na hisia. Ukoma unatibika, na tangu mwaka 1995 dawa zake hutolewa bure duniani kupitia Shirika la Afya Duniani. Ni hasara kubwa mtu kuchomwa sindano ya kifundo au kupasuliwa huku ukoma ukiendelea kula mishipa yake.

La pili ni wajawazito. Mama akija kupimwa mimba akalalamika ganzi ya vidole, asitishwe. Mara nyingi chanzo ni maji yaliyoongezeka mwilini, na kwa wengi hali hupungua baada ya kujifungua. Banzi la usiku hutosha kwa wengi wao. Ganzi ikiendelea miezi baada ya kujifungua, hapo arudi achunguzwe.

KWA KAMATI ZA PAROKIA

Kazi yenu haianzi na kuomba mashine. Inaanza na kuwatambua wagonjwa, kwa kuwa wengi wanaona aibu kulalamikia ganzi, au wanaamini wamelogwa, au wanadhani ni uchovu wa kawaida. Tangazo fupi baada ya ibada linaweza kuwa hivi: mwenye ganzi ya vidole inayomwamsha usiku kwa zaidi ya wiki chache, hasa anayeangusha vitu, afike kituo cha afya.

Pili, saidieni upatikanaji wa mabanzi. Banzi si kifaa cha ajabu. Fundi aliyefundishwa anaweza kulitengeneza kwa vifaa vinavyopatikana nchini, na kule Moshi chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha mafundi wa vifaa saidizi tangu mwaka 1981. Lakini lazima kifundo kikae kimenyooka. Banzi linalokunja kifundo ni baya kuliko kutokuwa nalo.

Tatu, simamieni daftari. Mnapotembelea hospitali, msiishie kuuliza kama mashine inafanya kazi. Ombeni mwelezwe, bila kutajiwa majina ya wagonjwa, ni wangapi waliotibiwa mikono robo hii, wangapi walipimwa kabla ya tiba, na wangapi walirudi. Maswali hayo matatu yatawaonyesha mengi kuliko kupiga picha pembeni ya mashine mpya.

KWA WAFADHILI WETU

Nawashukuru kwa moyo wenu, na naomba niseme wazi. Mara nyingi hatuhitaji mashine nyingine. Tunahitaji vitu vitatu vidogo vya kuikamilisha ile iliyopo.

Kwanza ni probu inayofaa. Ile ya kupimia mimba ina uso wa mviringo na hutumia mawimbi ya chini, megahezi 2 hadi 5 hivi, ili kufika ndani kabisa ya tumbo. Mshipa wa kifundo uko karibu sana na ngozi. Unahitaji probu yenye uso ulionyooka na mawimbi ya juu, megahezi 12 au zaidi. Kabla ya kununua, ulizeni kama mashine iliyopo inaikubali probu hiyo. Probu hiyo hiyo itatumika kupima uvimbe wa matiti, tezi ya shingo na mishipa ya damu, kwa hiyo haitakaa kabatini.

Pili ni mafunzo. Mpimaji hodari wa mimba hawi hodari wa mishipa ya fahamu kwa sababu tu amepewa probu mpya. Lazima ajifunze kuitofautisha kano na mshipa, kuiweka probu wima bila kubonyeza, kupima mahali pale pale penye kifupa kidogo cha upande wa kidole cha mwisho, na mkono wa mgonjwa ukiwa umepumzika juu ya mto. Tofauti ya milimita moja au mbili za mraba inaweza kutokana na mpimaji tu wala isiwe mabadiliko ya ugonjwa. Ndiyo sababu tunapendelea mtu mmoja ampime mgonjwa mmoja mwanzo hadi mwisho, na picha ya kwanza itunzwe ili wa pili aione. Mafunzo ya wiki moja yasiyofuatiwa na usimamizi husahaulika. Gharimieni pia ziara za msimamizi.

Tatu ni muda. Ripoti ya miezi mitatu haiwezi kuonyesha matokeo ya upasuaji wa mkono. Mkitaka ripoti ya kweli, tukubaliane tangu mwanzo kwamba mgonjwa atapimwa kabla ya tiba, na ataulizwa maswali yake baada ya wiki 6, miezi 3 na miezi 6, na kwamba picha ya marudio itapigwa kwa wale tu wasiopata nafuu. Gharama itakuwa ndogo, na ukweli utakuwa mkubwa zaidi. Wala msituhukumu kwa wastani wa milimita zilizopungua. Tuhukumuni kwa idadi ya watu waliorudi kwenye kazi zao.

HITIMISHO

Ultrasaundi ni shahidi mzuri, lakini ni shahidi mmoja. Huthibitisha kwamba mshipa umevimba, huonyesha kama unapungua, na humsaidia daktari kujua kwa nini tiba imekwama. Haimsemei mgonjwa. Na ushahidi wake hauna uzito bila kipimo cha kwanza kilichoandikwa.

Kwa hiyo naomba kila kamati iondoke hapa na azimio moja jepesi: kabla ya robo ijayo, hospitali au kituo chenu kiwe na daftari lenye safu mbili, ya picha na ya mgonjwa, hata kama kwa sasa safu ya picha itakuwa tupu. Safu ya maswali inaweza kuanza kujazwa Jumatatu. Probu ikifika, itakuta kazi imeshaanza.